Kufuta Rekodi Kwenye Jedwali la Hifadhidata: Mwongozo Kamili wa DELETE

Kati ya amri za SQL (lugha ya kuiamrisha hifadhidata) zinazobadilisha data, DELETE ndiyo fupi kuliko zote. INSERT inakudai thamani za kuingiza, UPDATE inakudai kitu kipya cha kuweka mahali pa cha zamani. DELETE haidai chochote zaidi ya jina la jedwali. Andika `DELETE FROM wanachama;`, bonyeza kitufe, na jedwali linabaki tupu. Haikuulizi mara mbili, wala hakuna pipa la taka la kwenda kuokotea ulichokitupa.

Ndiyo maana ukitazama vizuri utaona kwamba kazi ya kufuta karibu yote hufanyika kabla ya kufuta: kujua ni rekodi zipi hasa zitakazoguswa na sharti lako, yaani maneno yanayofuata WHERE. Nimeupa upande huo nafasi kubwa zaidi kuliko amri yenyewe.

Mifano yote hapa inatoka kwenye hifadhidata ndogo ya maktaba yenye majedwali matatu: `wanachama`, `vitabu` na `maazimo`. Jedwali la `maazimo` lina safuwima `mwanachama_id` na `kitabu_id` zinazoelekeza kwenye yale mawili mengine. Ninaposema rekodi, namaanisha mstari mmoja mzima wa jedwali; safuwima ni kipengele kimoja, kama jina au tarehe. Pale ambapo mifumo ya hifadhidata PostgreSQL, MySQL, SQL Server, Oracle na SQLite inaachana njia, nitataja.

Kwanza, ujue umesimama wapi

Ni jambo la kawaida kuwa na madirisha mawili wazi, moja la majaribio na jingine la data halisi, na yote mawili yanafanana kama mapacha. Kabla ya lolote, iulize hifadhidata yenyewe:

```
SELECT current_database(); -- PostgreSQL
SELECT DATABASE(); -- MySQL
SELECT DB_NAME(); -- SQL Server
```

Kisha weka akiba ya kile unachokusudia kukiondoa. Sizungumzii nakala rudufu ya seva nzima (hiyo inapaswa kuwapo siku zote), bali kajedwali kadogo ka pembeni:

```
CREATE TABLE maazimo_akiba AS
SELECT * FROM maazimo
WHERE tarehe_kurudishwa < '2020-01-01';
```

Kwenye SQL Server utaandika `SELECT * INTO maazimo_akiba FROM maazimo WHERE ...`. Jedwali la aina hii huchukua data tu. Faharasa (orodha za kuharakisha utafutaji) na funguo za kigeni (kanuni zinazofunga safuwima na rekodi za jedwali jingine) za jedwali la asili haziji nazo. Hilo si tatizo, maana unachotaka hapa ni data. Lifanye kabla ya kufungua muamala (nitaueleza mbele), kwa sababu kwenye MySQL na Oracle amri ya kuunda jedwali huthibitisha papo hapo muamala wowote uliokuwa wazi.

Andika SELECT, kisha uigeuze

Usianze kamwe kwa kuandika neno DELETE. Anza hivi:

```
SELECT COUNT(*)
FROM maazimo
WHERE tarehe_kurudishwa < '2020-01-01';
```

Namba inayotoka ilinganishe na ile uliyokuwa nayo kichwani. Kama hukuwa na namba kichwani, simama hapo utafute moja: maktaba ina maazimo mangapi kwa mwaka, miaka mingapi inaondoka? Ukitegemea mia chache ukaletewa elfu sitini, sharti lako lina kasoro, au ufahamu wako wa data ndio wenye kasoro. Vyovyote vile, si wakati wa kufuta.

Badilisha `COUNT(*)` iwe `*` na uzitazame rekodi zenyewe kwa macho. Ukiridhika, badilisha mstari wa kwanza tu:

```
DELETE
FROM maazimo
WHERE tarehe_kurudishwa < '2020-01-01';
```

Sharti usiliandike upya kwa mkono. Lile lile ulilolipima ndilo litakalofuta, bila herufi moja kubadilika.

Na tahadhari moja niliyoilipia. Programu nyingi za kuandikia SQL hutekeleza sehemu uliyoichagua kwa kipanya, si amri nzima. Niliwahi kuchagua mistari miwili ya juu na kuuacha ule wa WHERE nje ya uchaguzi. Kwa programu, amri ilikuwa sahihi kabisa: futa zote. Tangu siku hiyo naandika `DELETE FROM maazimo WHERE` kwenye mstari mmoja, ili nikikosea kuchagua, amri ikatike katikati na kukataliwa.

Mitego ya sharti

Watu wengi hulipita sharti haraka, nami ningekushauri ukae nalo kuliko kitu kingine chochote.

Mtego wa kwanza ni AND na OR zikichanganywa. Sharti hili linaonekana halina ubaya:

```
WHERE hali = 'amehama' OR hali = 'amesitishwa' AND tarehe_mwisho < '2019-01-01'
```

SQL hushughulikia AND kabla ya OR. Kwa hiyo hapa wataondoka wote waliohama, hata aliyehama jana, pamoja na wale waliositishwa kabla ya 2019. Kama tarehe ilikusudiwa iwahusu wote, mabano yanatakiwa: `WHERE (hali = 'amehama' OR hali = 'amesitishwa') AND ...`. Binafsi naweka mabano hata pale yasipohitajika.

Wa pili ni NULL. Thamani hii si sifuri wala maandishi matupu, ni "haijulikani". Kulinganisha chochote nayo hakutoi kweli wala si kweli, na DELETE huondoa tu rekodi ambazo sharti lake limetoka kweli. Ukiandika `WHERE hali <> 'hai'` ukitarajia kuwaondoa wote wasio hai, wale ambao safuwima yao ya hali haikujazwa watabaki palepale. Unawataka nao? Ongeza `OR hali IS NULL`. Sura nyingine ya mtego huu ni `NOT IN`: orodha ya ndani ikiwa na NULL hata moja, hakuna rekodi itakayofutwa, na utakaa ukikuna kichwa. `NOT EXISTS` haina shida hiyo, na ndiyo ningekushauri uizoee:

```
DELETE FROM wanachama
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM maazimo m
  WHERE m.mwanachama_id = wanachama.id
);
```

Wa tatu ni tarehe zenye saa ndani yake. `BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'` kwenye safuwima yenye tarehe na saa huishia saa sita kamili ya usiku wa kuamkia tarehe 31, hivyo karibu siku nzima ya mwisho inabaki nje. Andika `>= '2024-03-01' AND < '2024-04-01'`, kila upande na jina la safuwima yake, nawe umemaliza.

Katika `LIKE` pia kuna kidudu: mstari wa chini `_` ni kiwakilishi cha herufi yoyote moja. `LIKE 'jaribio_%'` itashika `jaribio_01` uliyoitaka, na pia `jaribioni`, ambayo hukuitaka.

Ninaouogopa kuliko yote, hata hivyo, ni huu. Tuseme una jedwali `waliohama`, na ndani yake namba ya mtu imehifadhiwa kwenye safuwima iitwayo `namba`. Unasahau, unaandika:

```
DELETE FROM maazimo
WHERE mwanachama_id IN (SELECT mwanachama_id FROM waliohama);
```

Utadhani hifadhidata italalamika kwamba `waliohama` haina safuwima ya jina hilo. Hailalamiki. Isipoikuta ndani, inatazama nje, inaiona `mwanachama_id` ya `maazimo`, na kuitumia hiyo. Kila rekodi inalinganishwa na nafsi yake, kila rekodi inafaulu, na ilimradi `waliohama` ina hata mstari mmoja, maazimo yote yenye mwanachama yanafutika. Kinga yake ni nyepesi: lipe jedwali la ndani jina la kifupi na ulitumie, `SELECT w.mwanachama_id FROM waliohama w`. Sasa hitilafu itatokea kama inavyostahili. Au endesha swali la ndani peke yake kwanza, likikataa, umeokoka.

Fungua muamala

Muamala ni kundi la amri zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote. Ndio unaokupa nafasi ya kusema "hapana" baada ya kuona matokeo: ROLLBACK hurudisha kila kitu nyuma, COMMIT huthibitisha.

```
BEGIN;
DELETE FROM maazimo WHERE tarehe_kurudishwa < '2020-01-01';
-- soma idadi iliyofutwa
SELECT COUNT(*) FROM maazimo;
ROLLBACK;   -- au COMMIT;
```

`BEGIN` ni ya PostgreSQL na SQLite. MySQL huandikwa `START TRANSACTION`, SQL Server `BEGIN TRANSACTION`. Oracle haihitaji mwanzo, muamala hujifungua wenyewe na amri ya kwanza ya kubadilisha data. Zile nyingine nne, usipofungua muamala mwenyewe, kwa mpangilio wa kawaida kila amri huthibitishwa mara inapomalizika, na ROLLBACK baada ya hapo haina cha kurudisha.

Mara ya kwanza kwenye data nyeti, malizia makusudi kwa ROLLBACK. Ona idadi, ona kilichobaki, rudisha, kunywa maji, kisha rudia ukimalizia na COMMIT.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwenye MySQL, majedwali ya aina ya MyISAM hayajui miamala kabisa. Utaandika ROLLBACK na data haitarudi. Hakikisha jedwali ni InnoDB kwa `SHOW CREATE TABLE maazimo;`. Pili, usifungue muamala kisha ukaenda mapumzikoni. Rekodi ulizozifuta bila kuthibitisha zimefungwa kwa kufuli, na yeyote anayetaka kuzibadilisha anakusubiri wewe.

PostgreSQL, SQLite kuanzia toleo 3.35 na MariaDB (ndugu ya MySQL) zina kifaa kizuri cha kukuonyesha kile hasa kilichoondoka:

```
DELETE FROM maazimo
WHERE tarehe_kurudishwa < '2020-01-01'
RETURNING id, mwanachama_id, tarehe_kurudishwa;
```

SQL Server hufanya hivyo kwa `OUTPUT deleted.*`, ikiwekwa kabla ya WHERE. Kwenye PostgreSQL unaweza hata kuhamisha na kufuta kwa pigo moja:

```
WITH zilizoondoka AS (
  DELETE FROM maazimo
  WHERE tarehe_kurudishwa < '2020-01-01'
  RETURNING *
)
INSERT INTO maazimo_akiba SELECT * FROM zilizoondoka;
```

MySQL nayo ina mlinzi wake: `SET sql_safe_updates = 1;`. Ukiiwasha, DELETE isiyo na sharti juu ya safuwima yenye faharasa, wala LIMIT, inakataliwa. Wanaotumia MySQL Workbench wanaifahamu kwa hitilafu namba 1175, na wengi huizima kwa hasira siku ya kwanza. Iache. Waliotengeneza MySQL wenyewe waliipa jina la pili la utani kwenye mstari wa amri, `--i-am-a-dummy`, yaani "mimi ni bwege", na sioni aibu kuingia na jina hilo.

Rekodi zenye watoto

Jaribu kumfuta mwanachama mwenye maazimo:

```
DELETE FROM wanachama WHERE id = 417;
```

Kama `maazimo.mwanachama_id` imewekwa ufunguo wa kigeni, utapata hitilafu badala ya kufuta. Hifadhidata inakataa kuacha azimo lisilo na mwenyewe. Kinachotokea hapa kiliamuliwa siku jedwali lilipoundwa, kwa maneno yanayofuata `ON DELETE`. `RESTRICT` na `NO ACTION` hukataa, na ukikaa kimya bila kuandika chochote unapata `NO ACTION`. `SET NULL` humwacha mtoto akiwa na nafasi tupu pale palipokuwa na mzazi. `CASCADE` hufuta mzazi pamoja na watoto, na wajukuu kama nao wamefungwa hivyo.

CASCADE inafaa pale mtoto hana maana bila mzazi, mfano vipengele vya oda moja. Kwa kumbukumbu za maazimo nisingeiweka: kumfuta mwanachama mmoja kutafuta historia yake yote ya kuazima, na ripoti za mwaka uliopita zitabadilika bila mtu kujua kwa nini. Tena idadi unayorudishiwa, "rekodi 1 imefutwa", haihesabu zile zilizoondoka kwa mfululizo. Kabla ya kufuta mzazi, tafuta nani anamtegemea. Kwenye PostgreSQL `\d wanachama` huonyesha mwishoni majedwali yanayoelekeza hapo. Kwenye MySQL tumia:

```
SELECT TABLE_NAME, COLUMN_NAME
FROM information_schema.KEY_COLUMN_USAGE
WHERE REFERENCED_TABLE_NAME = 'wanachama';
```

Pasipo CASCADE, futa watoto kwanza, kisha mzazi, vyote ndani ya muamala mmoja. SQLite ina mkasa wake: haitekelezi funguo za kigeni mpaka uiambie `PRAGMA foreign_keys = ON;`, na ni lazima uiambie kila unapofungua muunganisho. Wengi wana hifadhidata za SQLite zilizojaa mayatima bila kujua.

Kama kufuta wazazi kunachukua muda usioeleweka kwenye PostgreSQL, angalia kama `maazimo.mwanachama_id` ina faharasa. PostgreSQL haiundi faharasa upande wa mtoto yenyewe, kwa hiyo kila mzazi anayefutwa unalipitisha jedwali zima la watoto. InnoDB ya MySQL huiunda bila kuombwa.

Kufuta kwa kutazama jedwali jingine

Unataka kufuta maazimo ya vitabu vilivyoondolewa rafuni. Hapa kila mfumo una lahaja yake:

```
-- PostgreSQL
DELETE FROM maazimo m
USING vitabu v
WHERE v.id = m.kitabu_id AND v.hali = 'kimeondolewa';

-- MySQL na SQL Server
DELETE m
FROM maazimo m
JOIN vitabu v ON v.id = m.kitabu_id
WHERE v.hali = 'kimeondolewa';
```

Ukitaka namna moja inayokubalika kote, tumia `EXISTS` au `IN`.

Rekodi pacha

Mtu kajiandikisha mara tatu kwa barua pepe ileile. Unataka abaki mmoja, yule wa kwanza.

Kumbuka kwamba jedwali la kimahusiano, tangu mwanasayansi wa kompyuta E. F. Codd alipolieleza mwaka 1970, ni seti: rekodi hazina mpangilio wao wa asili. "Rekodi ya kwanza" haipo mpaka useme ya kwanza kwa kigezo kipi. Hapa kigezo ni `id`:

```
WITH pacha AS (
  SELECT id,
         ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY barua_pepe ORDER BY id) AS nafasi
  FROM wanachama
  WHERE barua_pepe IS NOT NULL
)
DELETE FROM wanachama
WHERE id IN (SELECT id FROM pacha WHERE nafasi > 1);
```

Ule mstari wa `IS NOT NULL` usiuone mdogo. `PARTITION BY` huwaweka wote wenye NULL kwenye kundi moja, kinyume na tulivyoona NULL ikikataa kulingana na chochote kwenye WHERE. Bila mstari huo, wanachama wote wasio na barua pepe wangehesabiwa kuwa mtu mmoja, na angebaki mmoja wao tu.

Kabla ya kufuta pacha, hamisha kwanza maazimo yao yaende kwa rekodi inayobaki, la sivyo ufunguo wa kigeni utakuzuia, au CASCADE itakupotezea historia:

```
UPDATE maazimo
SET mwanachama_id = (
  SELECT MIN(b.id)
  FROM wanachama a
  JOIN wanachama b ON b.barua_pepe = a.barua_pepe
  WHERE a.id = maazimo.mwanachama_id
)
WHERE mwanachama_id IN (
  SELECT id FROM wanachama WHERE barua_pepe IS NOT NULL
);
```

Ukimaliza, weka kizuizi cha upekee kwenye `barua_pepe`, maana bila hicho utarudi kazini hii hii mwezi ujao. Mashimo yatakayobaki kwenye namba za `id` yaache yalivyo. Namba hizo ni vitambulisho, si hesabu ya watu, na kuzipanga upya ni kujitafutia matatizo ambayo hukuwa nayo.

Zikiwa mamilioni

DELETE moja ya rekodi milioni ishirini itashika makufuli kwa muda mrefu, itajaza faili za kumbukumbu za miamala, na ikikatika katikati, kurudisha nyuma kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kufuta kwenyewe. Futa kwa mafungu:

```
-- MySQL
DELETE FROM maazimo
WHERE tarehe_kurudishwa < '2020-01-01'
ORDER BY id LIMIT 4000;

-- SQL Server
DELETE TOP (4000) FROM maazimo
WHERE tarehe_kurudishwa < '2020-01-01';

-- PostgreSQL haina LIMIT kwenye DELETE
DELETE FROM maazimo
WHERE id IN (
  SELECT id FROM maazimo
  WHERE tarehe_kurudishwa < '2020-01-01'
  ORDER BY id LIMIT 4000
);
```

Rudia ukithibitisha kila fungu mpaka idadi iliyofutwa iwe sifuri, na uache sekunde moja au mbili kati ya fungu na fungu ili wengine nao wapumue. Elfu nne haikutoka hewani: SQL Server, amri moja ikifikisha makufuli yapatayo 5000 kwenye jedwali moja, hujaribu kuyabadilisha yawe kufuli moja la jedwali zima, na hapo kila mtu anasimama.

Kama unafuta asilimia 90 ya jedwali, geuza kazi: nakili asilimia 10 unayoitaka kwenye jedwali jipya, kisha badilishana majina. Na kama kufuta data ya zamani ni jambo la kila mwezi, ligawe jedwali kwa miezi tangu mwanzo. Kuondoa kipande kizima cha mwezi huchukua muda mfupi mno, hata kama kina mamilioni.

TRUNCATE na DROP

`TRUNCATE TABLE maazimo;` humwaga jedwali zima bila kupitia rekodi moja moja. Ni ya haraka sana, haina WHERE, na trigga za DELETE (amri zinazojiendesha zenyewe rekodi inapofutwa) hazifanyi kazi nayo. Kwenye PostgreSQL na SQL Server unaweza kuirudisha ikiwa ndani ya muamala. Kwenye MySQL na Oracle huwezi. MySQL huanzisha namba za kujiongeza upya, wakati PostgreSQL huziacha ziendelee mpaka useme `RESTART IDENTITY`. SQLite haina amri hii. Huko DELETE isiyo na sharti ndiyo hiyo hiyo.

`DROP TABLE` huondoa jedwali lenyewe, na si mada yetu.

Kufuta bila kufuta

Mifumo mingi huchagua kuweka alama tu: safuwima `imefutwa_saa`, ambayo ni NULL kwa rekodi hai, na "kufuta" kunakuwa UPDATE. Faida inaonekana, mtu akijuta unamrudishia kwa sekunde. Gharama yake huonekana baadaye: kila swali kwenye programu lazima likumbuke `WHERE imefutwa_saa IS NULL`, na moja likisahau, waliofutwa wanafufuka kwenye ripoti. Tengeneza mwonekano (VIEW, swali lililohifadhiwa linalosomwa kama jedwali) wa rekodi hai na uwalazimishe watu wasome hapo. Kizuizi cha upekee nacho kinahitaji kurekebishwa, vinginevyo barua pepe ya aliyefutwa haiwezi kusajiliwa tena. Kwenye PostgreSQL:

```
CREATE UNIQUE INDEX barua_pepe_hai
ON wanachama (barua_pepe)
WHERE imefutwa_saa IS NULL;
```

Mtu akidai kwa haki yake ya kisheria data zake zifutwe, kama GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, inavyoruhusu, alama peke yake si jibu. Hapo ni kufuta kweli, au kuondoa kila kinachomtambulisha.

Mbona diski haikupungua?

Swali hili huja kila mara. PostgreSQL inapofuta, rekodi hubaki mahali pake ikiwa imetiwa alama ya kufa, kwa sababu muamala mwingine huenda bado unaisoma. VACUUM, ambayo kwa kawaida hujiendesha yenyewe, huifungua nafasi hiyo itumiwe na rekodi mpya, lakini kwa kawaida hairudishi ukubwa kwa mfumo wa uendeshaji. `VACUUM FULL` huurudisha, ila hulifunga jedwali lisisomwe wala kuandikwa hadi imalize. InnoDB hufanana: nafasi hutumiwa tena, na `OPTIMIZE TABLE` ndiyo hulijenga jedwali upya. SQLite ina `VACUUM` yake. Kama jedwali litajaa tena baada ya wiki chache, usijisumbue. Nafasi hiyo itatumika.

Ikiwa umeshakosea

Kama muamala bado uko wazi, ROLLBACK, basi. Kama umethibitisha, zuia kwanza programu zisiendelee kuandika, kisha angalia ulichonacho. Kwenye Oracle, ukiwahi, yaliyopita bado yanasomeka:

```
SELECT * FROM maazimo
AS OF TIMESTAMP (SYSTIMESTAMP - INTERVAL '15' MINUTE);
```

Kwenye MySQL yenye kumbukumbu za binari (faili zinazoandika kila badiliko) kwa mpangilio wa ROW, thamani za kila rekodi iliyofutwa zimo humo, na `mysqlbinlog --verbose` inazionyesha. Kwenye PostgreSQL iliyohifadhi WAL (kumbukumbu yake ya mabadiliko) unaweza kurejesha nakala rudufu mpaka dakika moja kabla ya kosa. Urejeshe kwenye seva ya pembeni, si juu ya ile inayofanya kazi, maana watu wameandika mengine mazuri tangu hapo.

Kutoka kwenye seva hiyo, au kutoka `maazimo_akiba` uliyoiweka mwanzoni, rudisha rekodi zilizopotea tu, wazazi kabla ya watoto. Namba za `id` lazima ziwe zile zile za zamani: SQL Server itataka `SET IDENTITY_INSERT maazimo ON;`, na PostgreSQL yenye safuwima ya `GENERATED ALWAYS AS IDENTITY` itataka `OVERRIDING SYSTEM VALUE`. Kisha endesha tena ile `COUNT(*)` ya mwanzo na uone kama namba imerudi ilipokuwa.